Utupu Si Ukosefu: Historia ya Uanzishaji wa Vigeu vya Mkusanyiko katika Lugha za Programu Zinazozingatia Ojekti

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya jambo dogo linalorudiwa kila siku katika uandishi wa programu za kompyuta, yaani kukipa kigeu cha mkusanyiko thamani yake ya kwanza. Inafuatilia namna lugha zinazozingatia ojekti zilivyolishughulikia jambo hilo tangu Simula 67 hadi Swift na Kotlin, na inaonesha jinsi wajibu huo ulivyotoka katika mahitaji ya mashine, ukapita kwa mwandishi wa klasi, ukafika kwa kompaila. Hoja kuu ni kwamba kanuni iliyoshinda, ya kuanza na mkusanyiko mtupu, iliondoa hitilafu yenye kelele na kuacha nyingine isiyo na sauti: kuchanganya "hakuna" na "haijulikani". Orodha ya mizio ya mgonjwa katika mfumo wa OpenMRS inatumika kuonesha uzito wa jambo hilo.

1.0 Utangulizi

Kigeu ni jina ambalo programu hulitumia kutunzia thamani. Katika lugha nyingi zinazozingatia ojekti, kigeu cha mkusanyiko, kwa mfano orodha ya wanafunzi au seti ya namba za usajili, hakibebi mkusanyiko wenyewe. Kinabeba rejeo, yaani kielekezi cha mahali mkusanyiko ulipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa sababu hiyo, kutangaza kigeu na kuunda mkusanyiko ni matendo mawili. Mwandishi wa programu anaweza kutangaza kwamba kila darasa lina orodha ya wanafunzi, na orodha yenyewe ikawa haijaundwa. Rejeo ambalo halielekezi popote linaitwa nali katika makala hii.

Tofauti kati ya nali na mkusanyiko mtupu inaeleweka kwa mfano wa kisima. Mtu anayekwenda kisimani na ndoo tupu atarudi na maji. Anayekwenda bila ndoo atarudi mikono mitupu, hata kisima kikiwa kimejaa. Anayeuliza tu kiasi cha maji kilichopo nyumbani atapata jibu lilelile kwa wote wawili. Tofauti yao hujitokeza pale kazi inapoanza. Vivyo hivyo, orodha tupu inaweza kuhesabiwa, kupitiwa na kuongezwa kipengee. Nali haiwezi lolote kati ya hayo, na programu inayojaribu kuitumia kama orodha husimama.

Kwa kawaida vitabu vya kufundishia hulitaja suala hili kwa sentensi moja: anzisha mkusanyiko kabla ya kuutumia. Ushauri huo ni sahihi, lakini unaficha historia yenye maamuzi mengi yaliyofanywa na watu mahususi kwa sababu mahususi. Makala hii inauliza maswali mawili. Kwanza, ni nani aliyepewa wajibu wa kuanzisha mkusanyiko katika kila kipindi, na kwa nini? Pili, utupu uliochaguliwa kuwa mwanzo unasema nini kuhusu jambo linalowakilishwa na programu?

2.0 Thamani ya Awali kama Hitaji la Mashine

Katika ALGOL 60, lugha iliyoathiri karibu lugha zote zinazojadiliwa hapa, kigeu kilichotangazwa hakikuwa na thamani yoyote iliyobainishwa hadi kipewe. Kusoma kigeu cha namna hiyo kulikuwa kosa la mwandishi, na lugha haikuahidi kumwonya. Kwa namba, athari yake ni jibu lisilo sahihi. Kwa rejeo, athari ni kubwa zaidi, kwa kuwa rejeo lenye takataka huipeleka programu mahali popote katika kumbukumbu.

Mwaka 1965 mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, Tony Hoare, alichapisha pendekezo la kuingiza rekodi na marejeo katika familia ya ALGOL. Pendekezo hilo liliendelezwa katika ALGOL W, aliyoibuni pamoja na Niklaus Wirth. Lengo lake lilikuwa usalama: kila rejeo liwe na aina inayojulikana, ili kompaila iweze kuthibitisha kwamba rejeo la mtu halitumiki kama rejeo la gari. Hata hivyo, aliruhusu thamani moja ipite katika kila aina, nayo ni nali. Katika mhadhara alioutoa London mwaka 2009, Hoare mwenyewe aliuita uamuzi huo kosa la dola bilioni moja, na alieleza kwamba aliiweka nali kwa sababu ilikuwa rahisi mno kuitekeleza.

Wakati huohuo, mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norsk Regnesentral walikuwa wakibuni Simula, wakiathiriwa kwa kiasi fulani na mawazo ya Hoare. Simula 67 ndiyo lugha ya kwanza kuwa na klasi na ojekti kwa maana tunayoitumia leo. Tofauti na ALGOL 60, lugha hiyo ilikipa kila kigeu thamani ya awali pasipo kuombwa: namba zilianza na sifuri, vigeu vya kimantiki vilianza na uongo, na marejeo ya ojekti yalianza na NONE. Umuhimu wa hatua hii unaonekana katika utunzaji wa kumbukumbu. Simula ilikuwa na utaratibu wa kukusanya ojekti zisizotumika tena, na utaratibu huo hufuata marejeo ili kujua ojekti zipi bado zinahitajika. Rejeo lenye takataka lingeupotosha. Kwa hiyo, pamoja na kumsaidia mwandishi, NONE iliihakikishia mashine kwamba kila rejeo ama linaelekeza kwenye ojekti halisi ama halielekezi popote.

Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba Simula 67 ilikuwa na majibu matatu tofauti kwa swali moja. Rejeo la kawaida lilianza na NONE. Kigeu cha matini kilianza na NOTEXT, yaani matini tupu ambayo urefu wake ni sifuri na ambayo mtu aliweza kuuliza urefu wake bila programu kusimama. Orodha nazo ziliwakilishwa na klasi iitwayo HEAD katika maktaba ya SIMSET. Ojekti ya HEAD ilipoundwa, msimbo wa klasi yenyewe uliifanya ijielekeze yenyewe mbele na nyuma, kama duara la mtu mmoja. Orodha tupu, basi, ilikuwa ojekti kamili yenye umbo lake, iliyokuwa tayari kupokea wa kwanza kujiunga. Lakini kigeu kilichotangazwa kubeba HEAD kilianza na NONE, na mwandishi alitakiwa kukumbuka kuunda HEAD mpya na kuikabidhi kwa kigeu hicho. Matini ilipewa utupu. Orodha iliachwa katika ukosefu.

Njia nyingine ilikuwepo tangu kabla ya hapo. Katika LISP, iliyoelezwa na John McCarthy katika makala ya mwaka 1960, orodha tupu na alama NIL ni kitu kimoja. Asiye na orodha na mwenye orodha tupu hawatofautishwi. Njia hiyo huondoa hitilafu za aina ya nali katika usomaji wa orodha, lakini huondoa pia uwezo wa kusema kwamba orodha haijaundwa. Mvutano kati ya Oslo na LISP, kati ya kutenganisha na kuunganisha, unajirudia katika kila sehemu ya historia inayofuata.

3.0 Wajibu Unapohamia kwa Mwandishi wa Klasi

Lugha ya Smalltalk-80, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, ilirithi desturi ya Simula kwa sura mpya. Kila kigeu cha ojekti kilianza na nil, na nil yenyewe ilikuwa ojekti, kielelezo pekee cha klasi UndefinedObject. Mwandishi aliyesahau kuanzisha orodha na kujaribu kuongeza kipengee hakupelekwa mahali pasipojulikana katika kumbukumbu. Alijibiwa na nil kwamba haielewi ujumbe huo. Hitilafu ilibaki, ila sasa ilikuwa na jina na mahali pake.

Hata hivyo, ujumbe wa kuunda ojekti katika Smalltalk-80 haukuita methodi yoyote ya kuanzisha. Kila mwandishi wa klasi aliyetaka orodha zake zianze zikiwa tupu alilazimika kuandika upya ujumbe wa kuunda ili uite methodi ya kuanzisha. Desturi hiyo ilirudiwa mara nyingi kiasi kwamba Pharo, mojawapo ya lugha zilizotokana na Smalltalk, iliifanya kuwa tabia ya kawaida ya mfumo. Kilichokuwa nidhamu ya mtu binafsi kikawa sehemu ya zana.

Bjarne Stroustrup alikuwa ameitumia Simula akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, na mwaka 1979 alianza kazi katika Bell Labs iliyozaa C++. Tangu mwanzo aliingiza kiundaji, yaani utaratibu maalumu unaoendeshwa kila ojekti inapoundwa. Wazo lililo nyuma yake ni kwamba ojekti isionekane na ulimwengu kabla haijatimiza masharti yake ya msingi. C++ ilifanya jambo jingine pia: ilimruhusu mwandishi kuwa na kigeu ambacho ndicho ojekti yenyewe, si rejeo lake. Maktaba ya Alexander Stepanov na Meng Lee ilipokubaliwa mwaka 1994 kuwa sehemu ya rasimu ya kiwango cha C++, lugha hiyo ilipata klasi ya vector. Kutangaza vector kunatosha kuwa na vector tupu. Hakuna hatua ya pili ya kusahau, kwa sababu kigeu na ndoo ni kitu kimoja.

Objective-C, iliyoanzishwa na Brad Cox na Tom Love mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilielekea upande wa LISP. Ujumbe unaotumwa kwa nil katika lugha hiyo haukatai. Unarudisha sifuri au nil. Kuuliza idadi ya vipengee vya orodha isiyokuwepo kunaleta jibu 0, ambalo mara nyingi ndilo lililotarajiwa. Lakini kuongeza kipengee katika orodha isiyokuwepo pia hakuleti malalamiko. Programu inaendelea, na kipengee kinapotea. Hapa ndipo inapoonekana kwa mara ya kwanza gharama ya kunyamazisha tofauti: hitilafu haitoweki, bali inahama kutoka mahali ilipotendeka hadi mahali data inapotafutwa na kukosekana.

4.0 Java na Ushindi wa Mkusanyiko Mtupu

Java ilitangazwa mwaka 1995, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 1996. Kanuni zake za uanzishaji ziligawanyika kulingana na mahali kigeu kilipo. Kigeu kilichotangazwa ndani ya methodi hakipewi thamani yoyote, na kompaila hukataa kutafsiri programu inayokisoma kabla hakijapewa. Kigeu kilicho sehemu ya ojekti huanza na nali kimyakimya. Kwa maneno mengine, kompaila ililinda eneo ambalo mwandishi analiona lote kwa mtazamo mmoja, na kuliacha wazi eneo ambalo msimbo wake umetawanyika katika methodi nyingi. Mkusanyiko wa kudumu, ambao kwa kawaida hukaa katika ojekti, uliangukia eneo la pili. Matokeo yake ni hitilafu ya NullPointerException, ambayo kila mwanafunzi wa Java huifahamu mapema.

Desemba 1998, toleo la 1.2 lilileta mfumo mpya wa mikusanyiko ulioongozwa na Joshua Bloch. Ndani yake mlikuwa na orodha tupu moja isiyobadilika, EMPTY_LIST, ambayo programu nzima ingeweza kuitumia kwa pamoja. Mwaka 2001 Bloch alichapisha kitabu Effective Java, ambamo alishauri kwamba methodi inayorudisha safu isirudishe nali pale isipokuwa na cha kurudisha, bali safu yenye urefu sifuri. Katika toleo la pili la kitabu hicho, la mwaka 2008, ushauri ulitaja waziwazi mikusanyiko pamoja na safu. Hoja yake ilikuwa ya kiutendaji. Methodi inayorudisha nali humlazimisha kila anayeiita kuandika msimbo wa kukagua nali, na siku moja mmoja wao atasahau. Kwa waliodai kwamba nali huokoa kumbukumbu, alijibu kuwa utupu usiobadilika unaweza kutumiwa na wote bila kuundwa upya. Wabunifu wa maktaba nao walipunguza gharama iliyobaki: katika matoleo ya baadaye ya Java 7, ArrayList iliyoundwa bila kutajiwa ukubwa haitengi safu ya vipengee hadi kipengee cha kwanza kiongezwe.

Ushauri huo ulienea mbali zaidi ya Java. Miongozo ya usanifu ya .NET ilipendekeza vilevile, na ikaongeza kuwa sifa ya ojekti inayobeba mkusanyiko isiwe na njia ya kuubadilisha mkusanyiko wenyewe kwa mwingine. Mtumiaji aongeze na aondoe vipengee, lakini asiweze kuichukua ndoo na kuacha nali mahali pake. Kwa hatua hii mkusanyiko ulikoma kuwa thamani ya kigeu tu, ukawa sehemu ya umbo la ojekti.

Hata hivyo, ndani ya maktaba ya Java yenyewe umesalia ushahidi kwamba nali haikuwa uzembe kila mara. Methodi ya list katika klasi File hurudisha majina ya mafaili yaliyomo katika folda. Folda ikiwa tupu, hurudisha safu tupu. Anwani iliyotolewa isipokuwa ya folda, au usomaji ukishindikana, hurudisha nali. Majibu haya mawili hayawezi kuunganishwa bila hasara. La kwanza linasema: nimeangalia, hamna kitu. La pili linasema: sikuweza kuangalia. Programu ya kuhifadhi nakala itakayolichukulia la pili kama la kwanza inaweza kuhitimisha kuwa mafaili yote yamefutwa. Mtu anaweza kusema, kwa haki, kwamba nali ni chombo duni cha kubeba ujumbe huo na kwamba kutoa taarifa ya hitilafu kungefaa zaidi. Lakini hilo ni suala la chombo. Ujumbe wenyewe ni halali.

5.0 Utupu wa Nani?

Kukubaliana kuanza na mkusanyiko mtupu hakukumaliza maswali. Swali lililofuata lilikuwa: mkusanyiko huo ni wa nani? Python inatoa kielelezo kinachojulikana sana. Katika lugha hiyo, thamani ya chaguo-msingi ya kigezo hukokotolewa mara moja tu, wakati methodi inapofafanuliwa. Mwandishi anayeweka orodha tupu kuwa chaguo-msingi la kigezo cha kiundaji, na kuihifadhi moja kwa moja katika ojekti, hudhani kwamba kila ojekti itapata orodha yake. Kwa hakika ojekti zote zilizoundwa bila kutajiwa orodha zinashika orodha ileile. Mwanafunzi akisajiliwa katika darasa moja, jina lake linaonekana katika madarasa yote. Ndoo ipo, tena tupu, lakini ni moja kwa mtaa mzima.

Suluhisho lililozoeleka miongoni mwa wanaprogramu wa Python lina kejeli yake ya kihistoria: chaguo-msingi linawekwa None, kisha ndani ya kiundaji orodha mpya inaundwa. Ukosefu unatumika kama njia ya kuufikia utupu ulio salama. Mwaka 2018, Python 3.7 ilipoleta utaratibu wa dataclass, wabunifu walichagua kuukataa mtego huo waziwazi. Kuweka orodha kuwa chaguo-msingi la sehemu ya klasi ya aina hiyo huzalisha hitilafu papo hapo, na mwandishi hutakiwa kutoa utaratibu wa kuunda orodha mpya kwa kila ojekti.

Java ina mtego unaofanana kwa upande wa pili. Orodha tupu ya pamoja haibadiliki, na hilo ndilo linaloifanya iwe salama kwa wote. Anayeitumia kuanzisha sehemu ya ojekti ambayo baadaye itaongezwa vipengee hupata hitilafu wakati wa kuongeza. Kwa hiyo neno "tupu" lina maana zaidi ya moja: upo utupu unaosubiri kujazwa, na upo utupu uliofungwa.

6.0 Kompaila kama Mlinzi

Katika muongo wa 2010, lugha mpya zilirudi kwenye uamuzi wa Hoare wa mwaka 1965 na kuubatilisha. Swift, iliyotolewa na Apple mwaka 2014, hairuhusu kiundaji kikamilike kabla kila sehemu ya ojekti haijapewa thamani, na sehemu ya aina ya orodha haiwezi kubeba nali isipokuwa aina yake itangazwe hivyo. Kotlin, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2016, inafuata msimamo huohuo. C# nayo, katika toleo la 8.0 la mwaka 2019, iliwapa wanaprogramu uwezo wa kuchagua kuonywa pale sehemu isiyopaswa kubeba nali inapoachwa bila kuanzishwa.

Mabadiliko haya yanaufanya uwezekano wa ukosefu kuwa tamko. Mwandishi anayetaka kusema kwamba orodha inaweza kutokuwepo anasema hivyo katika aina ya kigeu, na kila anayekitumia analazimika kulishughulikia hilo. Kwa mtazamo wa kihistoria, tofauti ambayo Simula iliiacha katika kumbukumbu ya mwandishi sasa imeandikwa katika lugha yenyewe.

Pamoja na hayo, maktaba ya Kotlin iliongezewa mwaka 2018, katika toleo la 1.3, methodi iitwayo isNullOrEmpty kwa ajili ya mikusanyiko. Methodi hiyo hujibu ndiyo kama mkusanyiko haupo au kama upo na ni mtupu. Kuwepo kwake ni ushahidi wa mahitaji ya kila siku: hata pale lugha inapotenganisha hali mbili, wanaprogramu huhitaji njia fupi ya kuziunganisha tena. Kufanya hivyo si kosa. Linakuwa kosa pale tofauti inapofutwa na mtu ambaye hakuuliza kama ina maana.

7.0 Pale Utupu Unaposema Uongo

Hadi hapa mjadala umehusu programu kusimama au kuendelea. Suala zito zaidi ni programu inayoendelea vizuri huku ikisema jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Mfano wake upo katika mfumo ambao historia yake inaanzia Afrika Mashariki.

OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health. Msukumo wake ulitokana na kazi ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana uliokuwa ukiwahudumia watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, na mfumo ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Umeandikwa kwa Java. Kwa hiyo umerithi yote yaliyojadiliwa katika sehemu ya nne.

Tuchukue orodha ya mizio ya mgonjwa, yaani dawa na vitu vingine vinavyomdhuru. Kwa kanuni ya Bloch, mgonjwa mpya anaposajiliwa, orodha yake ianze ikiwa tupu. Programu haitasimama, na skrini itaonesha orodha isiyo na kipengee. Daktari anayetaka kuandika penisilini ataitazama na kusoma: mgonjwa huyu hana mzio. Lakini huenda hakuna aliyemuuliza. Mwandishi wa msimbo, kwa nia njema ya kukwepa NullPointerException, atakuwa ametoa kauli ya kitabibu bila kujua.

Wabunifu wa OpenMRS hawakuishia hapo. Klasi iitwayo Allergies inabeba orodha iliyoanzishwa ikiwa tupu, sawasawa na kanuni, lakini pembeni yake inabeba hali ya orodha hiyo, ambayo ni moja kati ya tatu: haijulikani, hakuna mizio inayojulikana, au tazama orodha. Hali ya awali ni "haijulikani". Ili kufikia "hakuna mizio inayojulikana", msimbo lazima uite methodi mahususi ya kuthibitisha, na methodi hiyo hukataa kama orodha ina kipengee. Kipengee kinapoongezwa, hali inakuwa "tazama orodha". Orodha inapofutwa yote, hali haigeuki kuwa "hakuna". Inarudi kuwa "haijulikani". Kutokuwepo kwa kipengee hakuchukuliwi kamwe kuwa ushahidi wa kutokuwepo kwa mzio. Ni lazima mtu aliseme hilo.

Viwango vya kimataifa vya taarifa za afya vimefikia hitimisho linalofanana. Katika kiwango cha FHIR cha shirika la HL7, rasilimali ya orodha ina sehemu ya kueleza kwa nini orodha ni tupu. Miongoni mwa sababu zilizowekwa ni kwamba hakuna kinachojulikana baada ya kuchunguza, kwamba swali halikuulizwa, kwamba taarifa imezuiliwa, na kwamba kazi ya kuijaza orodha haijaanza. Utupu umepewa sababu zake, na kila moja inamtaka mhudumu achukue hatua tofauti.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na mgawanyo huu. Sarufi yetu inautenganisha kila siku. "Hana mzio" ni kauli ya mtu aliyechunguza. "Sijui kama ana mzio" ni kauli ya asiyejua. "Hajaulizwa" ina kiambishi -ja-, ambacho hukanusha tendo huku kikiacha mlango wazi kwamba bado linaweza kufanyika. Karani anayejibu "hakuna" pale anapopaswa kujibu "sijaangalia" hasemi lugha isiyo sanifu, anasema uongo. Mwanafunzi anayefundishwa uanzishaji wa mikusanyiko kwa Kiswahili anaweza kuanzia hapo, kwenye ukanushi anaoufahamu, kabla ya kufika kwenye msimbo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba thamani ya awali ya kigeu cha mkusanyiko imekuwa na sababu tofauti katika vipindi tofauti. Katika Simula ilikuwa sharti la utunzaji salama wa kumbukumbu. Katika Smalltalk na C++ ikawa wajibu wa mwandishi wa klasi, aliyetakiwa kutokabidhi ojekti isiyokamilika. Katika Java ikawa adabu kati ya anayeandika methodi na anayeiita. Katika Swift na Kotlin ikawa sheria inayosimamiwa na kompaila. Kila hatua ilipunguza hitilafu za nali, na hakuna sababu ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, mafanikio hayo yanahusu ndoo, si maji. Kompaila inaweza kuthibitisha kwamba orodha ipo. Haiwezi kuthibitisha kwamba aliyeiacha tupu alikuwa na haki ya kusema hakuna kitu. Hilo linabaki kwa mbunifu wa programu na kwa watu wanaomweleza kazi yao: muuguzi, karani, mtunza ghala, mwalimu. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba ufundishaji wa uanzishaji wa mikusanyiko usiishie kwenye amri ya kuunda orodha tupu. Kabla ya kuiandika amri hiyo, mwanafunzi aulizwe: mtu akiikuta orodha hii tupu, ataelewa nini, na je, kitakuwa kweli? Pale jibu linapokuwa zaidi ya moja, orodha peke yake haitoshi, na hali yake inapaswa kuandikwa pembeni yake tangu mstari wa kwanza.